Albamu Mpya ya Taarab: Kabla Sijaihukumu Lazima Niende Harusini

Mwezi uliopita, baada ya isha, kijana mmoja alibisha hodi kwangu akiwa na fleshi mkononi. Nyimbo sita, dakika 41. "Mwalimu, nakuomba uzisikize kabla hatujaziachia, na usinionee haya." Nimepiga fidla kwenye vikundi vya taarab hapa Unguja miaka ishirini na ushei, na siku hizi nazungumzia albamu mpya redioni, kwa hiyo maombi kama haya nimeyazoea. Kilichonishtua ni swali lake alipokwisha kukaa: "Kwani wewe huwa unasikiliza nini hasa?" Usiku ule nilimjibu nusunusu, chai ikipoa.

Mimi huanza na maneno, ala zikae pembeni. Nachukua karatasi, naandika ubeti mmoja mmoja, kisha nahesabu kwa vidole kama mtoto wa chuoni. Nyimbo nyingi za taarab ya asili ni beti za mistari mitatu mitatu, kila mstari vipande viwili, kila kipande mizani, yaani silabi, nane. Chukua mstari huu niliouunga sasa hivi: "Nimekutunza moyoni, kama lulu kwenye chaza." Nane kwa nane, unakaa wenyewe mdomoni. Wimbo wa kwanza wa yule kijana ulifunguka na "Nakupenda mpenzi wangu." Hesabu: tisa. Ile "m" ya "mpenzi" ni mizani kamili, na watunzi wa siku hizi huisahau kwa sababu kwenye simu haionekani kuwa na uzito. Mwimbaji akifika hapo inabidi akimbie, na mpiga dumbaki (ile ngoma ndogo ya mkono), maskini, anadhani kosa ni lake, anaanza kuvuta mkono. Msikilizaji hajui kilichotokea, ila anahisi kama kajikwaa.

Likipita hilo, naingia kwenye muziki wenyewe, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu.

Taarab yetu ilitoka Misri kabla ya kuoga maji ya huku. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa, na kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoundwa 1905 kikaukuza muziki huo. Pamoja na ala zikaja maqam, yaani njia za kupanga sauti: rast, bayati, hijaz, nahawand na nyinginezo. Mtu asiyejua hata jina moja kati ya hayo anazitambua, kwa sababu kazisikia tangu utotoni. Wasomaji wengi wa Kurani huanza kwa bayati.

Sasa tatizo. Rast na bayati zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Kwenye fidla nasogeza kidole kidogo tu, kwenye kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, kuna vibati vya kuzishusha na kuzipandisha. Kinanda cha umeme kina vitufe kumi na viwili tu vinavyojirudia juu na chini, na miaka ya 1990 taarab ya kisasa ilipokipa kiti cha kanuni na cha safu nzima ya fidla, zile sauti za katikati zilikosa pa kukaa. Ndiyo maana albamu nyingi za tangu hapo zimejaa nahawand na hijaz, ambazo vitufe hivyo vinazimudu. Nyimbo zikaanza kufanana, watu wakasema watunzi wamekaukiwa. Watunzi hawakukaukiwa. Nusu ya kabati lao ilifungwa na ufunguo ukapotea.

Wimbo wa pili wa yule kijana unaimbwa na mama mmoja mwenye sauti ya zamani, sauti iliyokomaa kwenye rast. Kinanda kinampa sauti ya tatu iliyonyooka, yeye anaishusha kidogo kama alivyofundishwa. Fundi wa studio kasikia mgongano, akadhani mama katoka nje ya sauti, akampitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti. Programu ikamsogeza mpaka kwenye kitufe cha karibu. Sasa hajakosea popote, na rast imekufa. Nilimwambia kijana: irudieni, mwacheni mama kama alivyo, kirekebisheni kinanda. Vinanda vingi vilivyotengenezewa soko la Uarabuni vina sehemu ya kuishusha sauti moja moja kwa robo. Alikuwa nacho nyumbani miaka minne, hajawahi kuifungua sehemu hiyo. (Wahakiki wenzangu nao, kabla hamjaandika kwamba mwimbaji "anapwaya", tazameni kwanza anapigiwa nini.)

Kuhusu ubora wa kurekodi sina mengi. Besi isimeze ala ya udi, basi.

Kuna urefu pia. Mwimbaji wetu Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, upande mmoja uliingia kama dakika tatu tu. Nyimbo zilizozoea kuimbwa usiku kucha zikakatwa zienee. Na bado zilibeba mambo mazito: wimbo wake wa Kijiti unasimulia habari ya mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni mwenye mimba akatorokea Bara, huku mashahidi wakiishia jela. Hukumu ya mahakama ilitolewa mara moja, ya santuri ikarudiwa kila gramafoni ya mkono ilipozungushwa. Kanda zilipokuja wimbo ukarefuka tena, na vijana wa sasa wananiletea dakika saba, wakati ukumbini wimbo huohuo unaweza kwenda ishirini. Nikisikia albamu, najua nasikia muhtasari.

Hilo nililijua vibaya kwa miaka mingi. Kuna albamu moja niliisema vibaya redioni, kwa kujiamini kabisa. Kosa lake, nilidai, kiitikio kinarudiwa mara sita bila neno jipya, mtunzi mvivu. Wiki ile ile nikaalikwa harusi Michenzani, kikundi chenyewe kikapiga wimbo wenyewe. Kiitikio kikaanza. Akainuka mama mmoja aliyevaa zari, noti anaipunga juu ya kichwa, anakwenda jukwaani kwa madaha hatua kwa hatua, kila hatua juu ya dumbaki. Alipofika mbele ya mwimbaji hakumtazama mwimbaji. Alimgeukia mwanamke wa meza ya tatu. Ukumbi mzima ukajua. Nyuma yake foleni ya kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti, ilishafika mlangoni, kila mmoja na wake wa kumgeukia, na kiitikio hakikuwa na haki ya kuisha kabla ya foleni. Mara sita zilikuwa chache, wakafika kumi na moja. Bibi aliyekaa pembeni yangu, aliyenitambua sauti, akanigusa goti: "Wewe ndiye uliyesema kinajirudia? Mwanangu, hicho si kinajirudia, kinapokezana."

Tangu hapo swali langu la mwisho kwa kila albamu ni hili: nani atainuka, na katika mstari upi? Mtunzi anaweka fumbo wazi kiasi kwamba kila mtu aone jirani yake ndani. Likifungwa mno haliinui mtu. Likiachwa uchi, kama ilivyotokea kwa baadhi ya nyimbo za rusha roho, ile taarab ya vijembe vya wazi, linamhusu mtu mmoja tu na linachuja naye ugomvi ukiisha. Si kwamba vijembe ni vipya, maana vikundi vya Black Star na Lucky Star vilirushiana Tanga miaka ya 1970, na vile vya Muungano na TOT baadaye Dar es Salaam. Lakini zile zinazopigwa mpaka leo ni zile ambazo hata asiyeujua ugomvi anaweza kuinuka nazo.

Wimbo wa nne wa yule kijana una mstari wa namna hiyo, kuhusu mgeni anayesifia chumvi ya mchuzi na sahani kaiacha imejaa. Kwenye spika zangu ni wimbo wa kawaida, mizani imetimia, bayati yake imelegea kidogo. Alama sijaupa. Jumamosi kuna harusi Kwahani na wao ndio watakaopiga, kanzu yangu ishapigwa pasi.