Kwa Nini Ndugu wa Uamsho Hawakulihama Kanisa

Katika somo la historia ya Kanisa ninalofundisha, swali linalorudi kuliko yote ni hili: mtu aliyekwisha kutubu na kusamehewa na Kristo mwenyewe anahitaji nini tena kwa askofu, sinodi na daftari la washarika? Wengi hudhani swali hilo limeletwa na huduma mpya za mijini. Waliolikabili mapema, na kwa gharama kubwa, ni ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba na wokovu lililozuka ndani ya makanisa ya Kiprotestanti.

Masimulizi ya Uamsho huanzia kwa kawaida mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Kianglikana wa Uganda, alipokutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho ulienea Rwanda na Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika, ukawafikia Waanglikana na baadaye Walutheri wa Bukoba. Ni muhimu kukumbuka kwamba wengi walioguswa walikuwa wamebatizwa zamani, wengine wakiwa walimu na makasisi, na ujumbe waliousikia ni kwamba ubatizo wao haujawafanya watu waliookoka. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliandaa hoja kwa ajili ya sinodi ya Uganda kuhusu ubaridi wa Wakristo na kuhusu watu wanaoishi dhambini waziwazi huku wakishiriki Meza ya Bwana. Alifariki Januari 1936.

Viongozi hawakufurahi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Kianglikana cha Mukono, Uganda, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa kwa sababu ya kushikilia sala zao za alfajiri na mahubiri yao. Hapo ndipo mtu angetarajia kanisa jipya lizaliwe, lakini wengi wao hawakuanzisha lolote; waliendelea kuhubiri wakiwa Waanglikana wasio na cheo.

Kwa maoni yangu, sababu imo katika namna walivyokutana. Kwenye ushirika wa kila wiki ndugu alisimama akaungama jambo mahususi: deni alilolikana, mali ya mwajiri aliyoichukua, chuki dhidi ya jirani, na kwa mmisionari, kiburi cha kujiona bora kuliko Waafrika aliowahudumia. Kisha alitarajiwa kwenda kurudisha alichochukua. Waliita hayo kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Imani ya namna hiyo ni ya mtu binafsi kabisa, kwa kuwa hakuna anayeweza kutubu kwa niaba ya mwenzake, lakini si ya faragha hata kidogo. Na ushirika wenyewe haukubatiza wala kuweka wakfu wachungaji. Kwa hayo yote ulitegemea Kanisa lile lile ulilolikemea kwa ubaridi.

Sidai kwamba mpango huo ulikuwa salama. Kikundi kinachojua dhambi za kila mtu hugeuka kwa urahisi kuwa baraza la kuamua nani kaokoka na nani bado, na hapo upendo huwa wa kwanza kutoka mlangoni. Miongoni mwa Wajaluo wa Kenya mgogoro uliotokana na Uamsho ulifika hadi kutengana: mwaka 1957 kundi la Johera (yaani "watu wa upendo"), likiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, lilijitoa katika Kanisa la Anglikana.

Waliobaki walilibadilisha Kanisa kutoka ndani. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda aliyesimama mbele ya utawala wa Idi Amin na kuuawa Februari 1977. Mwaka huo huo, jijini Dar es Salaam, Josiah Kibira wa Bukoba, naye mtu wa Uamsho, alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Msharika anayehamia mji mwingine hubeba barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wake. Ndugu wa Uamsho hawakuidharau barua hiyo, ila walipofika ugenini walitazamiwa pia kusimama na kushuhudia. Mwanafunzi anaponiuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kinatosha, humuuliza kwanza ni nani, nje ya nyumba yake, anayejua ametubu jambo gani.