Kutoiamini chanjo: maana yake na mizizi yake

Kutoiamini chanjo ni hali ya mtu kukataa, kuahirisha, au kuikubali kwa shingo upande chanjo ambayo ipo na ambayo angeweza kuipata. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba uzito wa dhana yenyewe. Mzazi wa kijijini Pangani ambaye hakumfikisha mtoto kliniki kwa sababu mvua za masika zimekata barabara, au aliyefika akaelezwa kuwa chanjo ya surua imekwisha na arudi wiki ijayo, hana shaka yoyote na chanjo, amekosa huduma. Kadi ya mtoto wake itaonyesha nafasi tupu ileile inayoonekana kwenye kadi ya mtoto ambaye baba yake alikataa katakata, na takwimu za wilaya zitawahesabu wote wawili kuwa hawajachanjwa, lakini dawa ya hali hizi mbili haifanani hata kidogo. Wa kwanza anahitaji barabara na jokofu linalofanya kazi. Wa pili anahitaji jibu.

Hata miongoni mwa wenye shaka, wanaokataa kila chanjo kwa msimamo ni wachache. Walio wengi wamo katikati. Yupo mama aliyewachanja watoto wake wote dhidi ya pepopunda, kifaduro na surua bila kusukumwa na mtu, kisha akasita pale binti yake alipoletewa shuleni chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa alijiuliza mbona wanachanjwa wasichana peke yao. Yupo babu mwenye alama ya chanjo ya ndui mkononi, ambaye hana neno baya la kusema juu ya chanjo hiyo, lakini hataki kusikia ya UVIKO-19. Watu hawa si wapinzani wa chanjo, na mtu anayewahutubia kana kwamba ni wapinzani huwageuza kuwa hivyo.

Shirika la Afya Duniani liliitaja hali hii mwaka 2019 miongoni mwa vitisho kumi vya afya duniani. Maelezo yanayotolewa kwa haraka ni kwamba watu hawana elimu. Maelezo hayo hayatoshi. Utafiti mkubwa wa maoni uliofanywa mwaka 2018 katika nchi nyingi ulikuta kwamba nchini Ufaransa, nchi ya Louis Pasteur mwenyewe, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa, karibu mtu mmoja kati ya watatu hakukubali kwamba chanjo ni salama, ilhali Rwanda waliokubali walizidi asilimia 90. Kama darasa peke yake lingekuwa ndilo linalojenga imani, matokeo yangekuwa kinyume. Kwa maoni yangu, anayekataa chanjo mara nyingi hapimi kilichomo ndani ya kichupa, kwa kuwa hana njia ya kukipima, anampima anayekileta.

Wala shaka hii haikuzaliwa na simu za mkononi. Edward Jenner, daktari wa Kiingereza, alionyesha mwaka 1796 kwamba ndui ya ng'ombe humkinga binadamu na ndui, na kufikia mwaka 1802 wachoraji wa vikaragosi wa London walikuwa wameshachora watu wanaochomoza vichwa vya ng'ombe mwilini baada ya kuchanjwa. Uingereza ilipoifanya chanjo hiyo kuwa ya lazima kwa watoto wachanga mwaka 1853, kisha ikawatoza faini wazazi wakaidi, upinzani uligeuka kuwa vyama na maandamano, na yale ya mji wa Leicester ya mwaka 1885 yalikusanya maelfu ya watu. Mwaka 1898 Bunge lililegeza sheria ili mzazi mwenye pingamizi la dhamiri asiadhibiwe. Wafanyakazi wa Leicester hawakuwa wakibishana na sayansi peke yake. Walichukizwa na dola kuingia nyumbani mwao na kuamua juu ya mwili wa mtoto, huku faini ikimuumiza maskini kuliko tajiri.

Huku pwani ya Tanzania shaka imechanganyika na kumbukumbu ya damu. Hadithi za mumiani, watu wanaosemwa kuwa huwavizia wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa, zilienea sana wakati wa ukoloni, na wazee bado huzisimulia. Ni rahisi kuzicheka. Lakini zilivuma katika enzi ambayo daktari aliwasili pamoja na serikali yenye askari, akawatoboa watu vidole bila kuwaeleza sababu, akaondoka na vichupa vyake. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Robert Koch, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa zama zake, alifika huko kabla ya kwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria mwaka 1906 kutibu malale. Dawa aliyoitumia, atoksili, ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Alipoona nafuu haidumu aliongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka wasione tena. Atoksili haikuwa chanjo, na Koch hakuwa mumiani. Hata hivyo, anayeuliza leo kama Waafrika wanafanyiwa majaribio anauliza jambo lililowahi kutokea, na jibu la kumwita mjinga linathibitisha kile anachokihofia, kwamba hakuna anayeona ulazima wa kumweleza.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni wa Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani ilifanya jaribio la dawa mpya kwa watoto wapatao 200, nusu yao wakipewa dawa hiyo na nusu dawa iliyozoeleka. Kumi na mmoja walikufa, na wazazi wakadai kwamba hawakuelezwa kuwa watoto wao wamo katika jaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na serikali ya jimbo kulipa dola milioni 75. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya kampuni hiyo ilikuwa bado inaendelea pale viongozi wa Kano walipoyasimamisha matone ya polio mwaka 2003, wakisema yametiwa dawa ya kuzuia uzazi. Matone yalipimwa, hayakuwa na kitu cha namna hiyo, na utoaji ukarejea mwaka uliofuata. Lakini kirusi kilikwisha kusafiri hadi nchi nyingi za Afrika, na mwaka 2005 kikafika Indonesia. Dai la uzazi lilikuwa la uongo. Kilicholipa nguvu dai hilo ni watoto wa mwaka 1996, ambao hawakuwa uongo. Majasusi wa Marekani walipotumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kificho cha kumsaka Osama bin Laden huko Abbottabad, Pakistani, mwaka 2011, walifanya kosa la aina hiyohiyo, na gharama yake ikalipwa na wachanjaji wa polio wa Pakistani ambao hawakuwa na habari.

Lipo swali ambalo wataalamu hulipita haraka, ingawa katika baraza za kahawa za Ngamiani, mjini Tanga, huulizwa kwa uzito wote: mbona hii ni bure? Mgonjwa anayekwenda zahanati na homa huandikiwa dawa akanunue dukani. Akikosa fedha hurudi nyumbani nayo homa yake. Mtu huyohuyo, siku akiwa mzima na hajaomba chochote, hufuatwa mlangoni na watu waliovaa fulana za kampeni, wenye gari na kipaza sauti, wakimsihi apokee dawa isiyolipiwa. Mwenye akili timamu lazima ajiulize huruma hii imetoka wapi. Jibu lipo, nalo ni la hesabu: kukinga maelfu kwa pamoja ni rahisi kuliko kuwatibu mmoja mmoja, na ugonjwa wa kuambukiza hauzuiliki kwa kumkinga mwenye fedha peke yake, hivyo serikali na wafadhili hulipia kinga kabla ya tiba. Lakini jibu hilo ni nadra kutolewa, na pengo linaloachwa hujazwa na uvumi wa uzazi, kwa sababu jambo pekee ambalo watu wengi wanakumbuka kuletewa bure na wafadhili kwa bidii kama hiyo ni uzazi wa mpango.

Shaka hii haiishii kwenye sindano. Mkoa wa Tanga umesumbuliwa kwa muda mrefu na matende na mabusha, na kinga tiba inayogawiwa dhidi yake imekutana na maneno yaleyale. Mkoani Morogoro mwaka 2008 wanafunzi waligawiwa shuleni dawa za kichocho na minyoo. Dawa ya kichocho huleta kichefuchefu na kizunguzungu, hasa kwa mtoto ambaye hajala, na wapo waliozidiwa. Habari zikaenea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakakimbilia shuleni, vurugu zikazuka, na ugawaji ukasimamishwa. Wazazi wangeambiwa mapema kwamba dawa huchafua tumbo na kwamba mtoto ale kwanza, sidhani kama mambo yangefika huko.

Chanjo yenyewe, kwa maumbile yake, hairahisishi mambo. Hupewa mtu mwenye afya njema, na faida yake ni tukio ambalo halikutokea, jambo ambalo hakuna anayeweza kulionyesha kwa kidole. Homa ya usiku ule baada ya sindano, kinyume chake, huonekana na nyumba nzima. Aidha, watoto huchanjwa katika umri uleule ambao maradhi mengi na kasoro nyingi za ukuaji hujitokeza zenyewe, kwa hiyo kila mwaka wapo watakaougua siku chache baada ya kuchanjwa kama ambavyo wangeugua bila kuchanjwa. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield alichapisha mjini London makala kuhusu watoto 12, akihusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Ilibainika baadaye kwamba taarifa za watoto hao zilipotoshwa. Jarida likaifuta makala hiyo mwaka 2010, naye akafutwa katika orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto 657,461 haukukuta uhusiano wowote. Hofu haikufutwa pamoja na makala.

Yapo pia madhara ya kweli, nayo yakifichwa au yakielezwa vibaya hudhuru hata chanjo zisizohusika. Ufilipino ilianza mwaka 2016 kuwachanja wanafunzi dhidi ya homa ya dengi, na zaidi ya watoto 800,000 walikuwa wamechanjwa kampuni iliyoitengeneza chanjo hiyo ilipotangaza, Novemba 2017, kwamba mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi anaweza, akiambukizwa baadaye, kuugua vibaya zaidi kwa sababu ya chanjo. Mwaka 2015 asilimia 93 ya Wafilipino waliohojiwa walikubali kabisa kwamba chanjo ni muhimu. Mwaka 2018 walikuwa asilimia 32. Surua haikuwa na kosa lolote katika habari hiyo, lakini mwaka 2019 ndiyo iliyolipuka na kuua watoto.

Nchini kwetu mzizi wa karibuni ni kauli za viongozi kupishana. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba chanjo hazifai, akahoji mbona za UKIMWI na malaria hazijapatikana. Julai 28 ya mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera, siku chache baada ya kupokelewa dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19. Mwananchi aliyeitii sauti ya kwanza hakuambiwa lini na kwa nini imebadilika. Alitakiwa tu kubadilika nayo. Kusita kwake, nadhani, kulikuwa na mantiki zaidi kuliko utii wa haraka. Inafaa kuongeza kwamba uchanjaji uliokwenda polepole katika miezi ya mwanzo uliongezeka sana mwaka 2022, wahudumu walipoacha kuwasubiri watu vituoni na kuanza kuwafuata vijijini na minadani, dalili kwamba sehemu ya kile kilichoitwa kutoamini ilikuwa umbali.

Wakati swali la malaria linaulizwa Chato, chanjo yake ilikuwa imeshajaribiwa Korogwe, mkoani Tanga, na Bagamoyo. Vituo hivyo viwili vilikuwa miongoni mwa 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoshiriki jaribio la chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, lililohusisha watoto 15,459, na wale wa Korogwe na Bagamoyo walichukuliwa damu mara kwa mara katika pwani ileile ya hadithi za mumiani, baada ya wazazi kuelezwa na kuridhia. Matokeo hayakupambwa. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi mitano hadi 17, dozi nne zilipunguza malaria kwa asilimia 36 hivi, na watafiti walichapisha pia kwamba homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, bila sababu kujulikana. Chanjo haikupitishwa kwa matumizi mapana wakati huo. Kuanzia mwaka 2019 ilitolewa kwa majaribio Ghana, Kenya na Malawi, homa hiyo ya uti wa mgongo ikifuatiliwa mahsusi. Ongezeko halikuonekana tena, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, pamoja na agizo kwamba mtoto aliyechanjwa aendelee kulala ndani ya chandarua.