Bendi ya kuenzi ni nini, na kwa nini si kupiga kopi

Ukikuta bendi hotelini Jumamosi usiku inapiga nyimbo za watu, hiyo inapiga kopi. Leo za huyu, kesho za yule, na hakuna anayejali mwimbaji kavaa nini. Bendi ya kuenzi ni habari nyingine: hushika bendi moja tu, mara nyingi iliyokwisha kuvunjika au kubadilika, ikang'ang'ana nayo miaka nenda rudi. Na kwenye roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu na tata, kuna wanaokwenda mbali zaidi. Hao hurudisha jukwaani onyesho zima la ziara fulani, ya mwaka fulani.

Mfano ninaoupenda ni The Musical Box, bendi ya Montreal, Kanada, iliyoanza 1993. Kazi yao ni kuenzi Genesis, bendi ya roki hiyo ya Uingereza, hasa ile ya Peter Gabriel, aliyeondoka 1975. Gabriel alikuwa mwimbaji na mwigizaji kwa pamoja: mara ana mabawa ya popo kichwani, mara petali zimemzunguka uso kama ua, mara kavaa barakoa ya kizee. Wenzake wakitiyuni magitaa, yeye anawapigia watu hadithi za ajabu ajabu. Yote hayo hurudiwa. Hata mpiga gitaa hukaa kitini, kwa kuwa Steve Hackett, mpiga gitaa wa Genesis, alipiga ameketi.

Halafu kuna vyombo. Sauti ya Genesis haikamiliki bila melotroni, kinanda ambacho kila kibonye huvuta utepe wenye sauti ya fidla, filimbi au kwaya iliyorekodiwa. Utepe ni mfupi, sekunde 8 hivi. Ukiendelea kubonyeza, sauti inakatika. Kwa hiyo mpigaji hujifunza noti na pia wakati wa kuinua vidole.

Mtihani mkubwa ulikuwa onyesho la The Lamb Lies Down on Broadway, albamu ya Genesis, la 1974 na 1975. Nyuma ya jukwaa palikuwa na skrini tatu na slaidi zaidi ya 1,000, na haikubaki filamu kamili ya onyesho hata moja. Ilibidi liungwe upya kwa picha, kanda za sauti na slaidi zenyewe za zamani, kwa ruhusa ya Genesis. Gabriel alikwenda kuwatazama The Musical Box na watoto wake, waone baba yao alikuwa akifanya nini ujanani. Phil Collins, mpiga ngoma wa Genesis, yeye alipanda jukwaani Geneva mwaka 2005 akapiga ngoma nao.

Si wote wenye ukali huo. The Australian Pink Floyd Show, iliyoanzia Adelaide, Australia, 1988 kuienzi bendi ya Uingereza Pink Floyd, huweka jukwaani kangaruu mkubwa wa waridi aliyejazwa hewa, kichekesho cha kwao ambacho Pink Floyd hawakuwa nacho. Hilo halikumzuia David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, kuwaita wapige alipotimiza miaka 50, mwaka 1996.

Mimi niko upande wa wakali, maana wao hurithi hadi kasoro. Katika The Lamb kuna vazi la kiumbe mwenye manundu mwili mzima, nono kiasi kwamba Gabriel alihangaika kuifikisha maikrofoni mdomoni. Anayelivaa leo huhangaika vilevile.