Elimu kwa Umma: Chama cha Wafanyakazi na Mshahara wa Mlatino nchini Marekani

Miezi ya karibuni dawati letu limepokea lalamiko lile lile mara nyingi, hasa kutoka kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioajiriwa katika viwanda vya nyama vya majimbo ya Iowa na Nebraska. Wanasema chama, au sendika kama wanavyoiita ndugu zetu wa Burundi na Rwanda, ni "cha Wamexico", kinakata pesa na hakirudishi kitu. Kauli hiyo si kweli, na hasara yake inamwangukia anayeisema. Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wametutangulia kwenye mistari hiyo hiyo ya uzalishaji, kwa hiyo tuanze na wao.

Kwa takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023, kipato cha kati (nusu hupata zaidi yake, nusu pungufu) cha mwanachama anayefanya kazi muda wote kilikuwa dola 1,263 kwa wiki. Cha asiye mwanachama kilikuwa dola 1,090. Natahadharisha kwamba hizo ni za wafanyakazi wote, na sehemu ya tofauti inatokana na sekta, jimbo na aina ya kazi. Hata hivyo, kwa Walatino pengo hilo kwa uwiano huwa pana kuliko kwa Wazungu. Wengi wao wako kwenye usafi, ujenzi na nyama, kazi ambazo pasipo mkataba msimamizi hupanga mshahara kwa kumwangalia mtu usoni. Mkataba wa pamoja, ule wa chama na mwajiri, unaandika kiwango cha nafasi, na anayeishika nafasi hiyo analipwa kiwango hicho. Pamoja na hayo, mwaka huo ni asilimia 9.0 tu ya Walatino waliokuwa wanachama, chini ya wastani wa taifa wa asilimia 10.0.

Kuhusu marupurupu, mama mmoja kutoka Honduras, msafishaji wa ofisi, alikuja mezani kwangu na karatasi ya mshahara. Mstari mmoja, wa makato ya chama, alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu. Nikamwomba tusome na mingine. Mchango wake wa bima ya afya ulikuwa mdogo kuliko makato yenyewe, kwa sababu mkataba unamlazimisha mwajiri kulipa sehemu kubwa. Saa za likizo ya ugonjwa zilikuwa zimeandikwa. Chini kabisa kulikuwa na mchango wa mwajiri kwenye pensheni. Alikaa kimya kidogo, akachukua kalamu yake, akaizungushia na mistari hiyo.

Na hilo la "chama cha Wamexico" lina historia ambayo kila mfanyakazi mgeni angepaswa kuijua. Katika mashamba ya California wenye mashamba walizoea kuwaleta Wamexico kuvunja migomo ya Wafilipino, na Wafilipino kuvunja ya Wamexico. Septemba 1965, huko Delano, Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma kuchuma zabibu. Wiki moja baadaye chama cha Cesar Chavez na Dolores Huerta, chenye Wamexico wengi, kikaamua kuingia mgomoni pamoja nao. Ilichukua miaka mitano, hadi 1970, wenye mashamba kusaini mikataba yenye mshahara bora na mfuko wa afya waliouchangia wao wenyewe. Wangeendelea kutengana, sidhani kama kungekuwa na cha kusaini.

Sasa utaratibu. Kura ya kuunda chama huitishwa wakisaini angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wa kitengo husika. Kura ni ya siri, na mshindi hupatikana kwa wingi wa waliopiga kura, si wa wote walioajiriwa. Anayebaki nyumbani amewaachia wengine uamuzi. Ushindi peke yake haupandishi mshahara. Unamlazimisha mwajiri kuketi na kujadiliana kwa nia njema, lakini sheria haimlazimishi kukubali pendekezo lolote.

Iowa na Nebraska zina sheria inayoitwa "haki ya kufanya kazi". Narudia tena, kwa kuwa nimeshalieleza hili mara nyingi mno: sheria hiyo haikuhakikishii kazi, wala haipigi marufuku chama. Inazuia tu kulazimishwa kulipa ada. Asiyelipa bado analindwa na mkataba, na chama hakiruhusiwi kumbagua.

Wengine wanasema, "Sina karatasi, sina haki." Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba asiye na kibali cha kuishi au kufanya kazi nchini naye ni mfanyakazi chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 1935, inayolinda haki ya kuunda chama. Ila uamuzi wa mahakama hiyo hiyo wa 2002 ulimnyima malipo ya mishahara aliyoikosa baada ya kufukuzwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo mwenye hali hiyo azungumze na mwanasheria kwanza. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani hawamo kabisa katika sheria hiyo. California iliwatungia wa mashambani sheria yao mwaka 1975.

Ukifukuzwa au kutishwa kwa sababu ya chama, una miezi 6 tangu siku ya tukio kupeleka malalamiko kwenye Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, NLRB. Hakuna ada, na si lazima uwe na wakili. Bodi haitozi faini, na wengi hukasirika wakilisikia hilo. Inaweza kuamuru urudishwe kazini, ulipwe mishahara uliyoikosa, na mwajiri abandike tangazo ukutani.

Ukiitwa ofisini kuhojiwa na unaona unaweza kuadhibiwa, omba mwakilishi wa chama awepo. Lazima uombe mwenyewe. Mwajiri hana wajibu wa kukukumbusha. Unapokuja kwetu, leta karatasi zako za mshahara, barua yoyote uliyopewa, na tarehe ya tukio ikiwa imeandikwa.