Ukarabati wa wodi ya saratani: kwa nini ngazi zimefungwa na madirisha hayafunguliwi

Tangu mafundi waanze kubomoa ghorofa itakayokuwa wodi ya saratani na magonjwa ya damu, dawati letu la malalamiko halipumui. Ngazi za upande wa ziwa zimefungwa, lifti ya wagonjwa imebaki moja, na ndugu aliyetoka Ukerewe na meli ya asubuhi anafika anaambiwa azunguke nyuma. Usumbufu huo tunauona. Lakini yako maneno yanayosambaa ambayo si kweli, na mojawapo ni la hatari.

Linasema vumbi ni vumbi tu, hata nyumbani tunalivuta. Kwa mtu mwenye kinga yake, sawa. Kwa mtoto anayetibiwa Burkitt, saratani ya tezi tunayoijua vizuri Kanda ya Ziwa kwa kuwa inahusiana na malaria, si sawa hata kidogo. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, na mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Sasa juu ya dari kuukuu, palipovuja bomba, pana ukungu mweusi. Fundi akigonga jipsamu, vijimbegu vya kuvu aina ya Aspergillus vinapaa. Vina maikroni 2 hadi 3 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), macho hayavioni, na barakoa ya kitambaa haivizuii. Vikitua kwenye mapafu ya mtoto huyo vinaota, na ugonjwa wake hutibika kwa shida sana.

Ndiyo sababu madirisha hayafunguliwi, na ndiyo sababu ya ile plastiki nene kutoka sakafuni hadi kwenye zege la juu. Nyuma yake kuna feni zenye chujio la HEPA, linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Zinavuta hewa kutoka eneo la kazi na kuitupa nje ya jengo. Kila asubuhi muuguzi wa kudhibiti maambukizi ananing'iniza kipande cha karatasi ya msalani kwenye upenyo wa zipu ya plastiki hiyo. Karatasi ikivutwa ndani, yaani hewa inaelekea eneo la kazi na si kwa wagonjwa, anasaini kibali na kazi inaanza. Ikitulia, au ikipepea kuelekea kwake, mafundi wanakaa nje mpaka tatizo lipatikane, hata kama zege limeshachanganywa.

Kibali hicho ni cha siku moja. Kifusi kinatoka alfajiri, kwenye toroli lililofunikwa turubai, kwa lifti ya mizigo peke yake. Fundi anavua ovaroli na kukanyaga mkeka wa gundi kabla ya kutoka. Akikutwa koridoni na ovaroli lenye vumbi, mara ya kwanza ni onyo la maandishi, kwake na kwa msimamizi wake. Mara ya pili ananyang'anywa kitambulisho cha kuingilia. Mara ya tatu kazi yote inasimama, na siku zinazopotea ni hasara ya mkandarasi, haziongezwi kwenye mkataba. Ndugu wa mgonjwa atakayegusa kizuizi atazuiliwa kadi ya kuingia wodini. Juzi plastiki imechanwa kwa wembe ili mtu apitishe hotpoti ya uji. Jamani! Njia ya nyuma ipo, na uji ungefika ungali wa moto.

La pili, kwamba tunajenga wodi ya wenye pesa. Hapana. Chumba cha asiye na kinga kinasukuma hewa nje ili vijidudu visiingie, na hewa yake hubadilishwa si chini ya mara 12 kwa saa. Cha mgonjwa wa kifua kikuu kinavuta hewa ndani. Huwezi kuwaweka wote wawili chumba kimoja ukatenganisha kwa pazia. Atakayelala chumba cha asiye na kinga ataamuliwa na majibu ya kipimo chake cha damu.

Mafundi wakimaliza, wodi haitafunguliwa siku hiyo hiyo. Maji yaliyolala kwenye mabomba huweza kuzalisha bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, kwa hiyo kila bomba litafunguliwa limwage, kuta na sakafu zitasafishwa, hewa itapimwa, na plastiki itaondolewa mwisho. Tarehe itabandikwa getini. Kwa sasa pitieni mlango wa maabara, ndugu mmoja kwa mgonjwa mmoja. Maua na vyungu vya udongo vibaki nyumbani, maana navyo hubeba kuvu. Mwenye mafua asipande.