Waya Inayochukiza Macho Sio Inayoua

Nikibisha hodi kukagua stima kwenye nyumba ya Mkomani, hapa Lamu, mwenyewe huanza kwa kunionyesha waya zilizopita juu ya ukuta wa chokaa na swichi iliyogeuka manjano. Mimi huomba nione ethi, ile njia ya kupeleka ardhini stima iliyovuja.

Dhana: Kasoro mbaya zaidi ni ile inayoonekana vibaya.

Ukweli: Waya zilizopita juu ya ukuta, ganda lake likiwa zima, ni shauri la urembo. Kwenye kuta hizi za matumbawe ni afadhali hivyo kuliko kuzichimba. Mkaguzi hujiuliza: ni mambo mangapi bado hayajaharibika kati ya mtu na ajali? Kama hakuna, mkono ukigusa umegusa stima, hatari iko sasa hivi. Kama limebaki moja, hatari inangoja. Waingereza, ambao kanuni zao za waya ndizo mama wa nyingi tunazofuata Kenya, huandika C1 kwa hatari iliyopo, C2 kwa inayoweza kuja, na C3 kwa kinachofaa kuboreshwa. C1 au C2 moja huangusha ripoti nzima. C3 hata zikiwa kumi, haziiangushi.

Dhana: Imefanya kazi miaka mingi, basi ni salama.

Ukweli: Ethi hukaa bure mpaka siku ya balaa, kwa hivyo taa kuwaka hakutuambii lolote kuihusu. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, friji hunitekenya kidogo tu. Nikivaa champali hainifanyi kitu." Kumbe champali ndizo zilizokuwa kinga yake yote. Nyuma ya nyumba, fimbo ya shaba ya ethi ilikuwa imepigiliwa kwenye mchanga mkavu, klampu yake imeliwa na chumvi, na kipimo cha ukinzani wake, yaani jinsi inavyoizuia stima kupita, kikasoma omu 120. Volti 240 ukigawanya kwa 120 unapata ampea 2, mzigo mdogo kuliko wa pasi. Breka ya ampea 32, swichi inayojikata stima ikizidi hapo, haitashtuka hata usiku kucha, na bati la friji litabaki na stima. Ndiyo maana nyumba inayotegemea fimbo ya ardhini lazima iwe na breka ya uvujaji, ile inayokata stima ikivuja kiasi cha miliampea 30. Yake haikuwa nayo. Kukosekana kwake peke yake ningeandika C2, lakini bati lililokwisha kutekenya watu ni C1, wala hapo sina mjadala na mtu.

Dhana: Breka ikianguka kila mara, weka kubwa zaidi.

Ukweli: Breka inalinda waya, si friji yako. Waya ya milimita mraba 2.5 ukiifungia breka ya ampea 40, itapata moto kabla breka haijaona kitu. Sasa fikiria waya hiyo imepita chini ya makuti.

Dhana: Waya nyekundu na nyeusi zing'olewe zote.

Ukweli: Hapana, ni rangi za zamani tu. Waingereza walikuwa hata na alama ya nne, ya kitu kisicholingana na kanuni mpya ingawa si hatari. Waliifuta, na walifanya vyema, maana wateja walikuwa wakiiogopa bure.

Dhana: Mafundi wawili wakikagua nyumba moja, wataandika alama zilezile.

Ukweli: Kwenye C1 ndiyo, mara nyingi. Mpaka wa C2 na C3 ndipo tunapobishania barazani mpaka kahawa inapoa. Chukua soketi isiyo na breka ya uvujaji, katika nyumba ambayo ethi yake ni imara. Ikiwa ghorofani, inachaji simu, naandika C3. Ikiwa karibu na mlango wa uani, naandika C2, kwa sababu siku maji yakikatika, pampu ya kisima itachomekwa hapohapo, na atakayeichomeka atakuwa pekupeku.