Bakteri banaweza kusafisha maji ya chini ya bulongo, lakini haiko kwa kila sumu

Hapa Lubumbashi batu bengi tunachota maji mu kisima ao ku foraji ya mu parseli, na mukuba tunaiyeyusha hapa tangu 1911, kwa hiyo hii mambo inatugusa kabisa. Ku labo wanatuuliza kila mara: ni kweli bakteri banaweza kutoa sumu mu maji? Ndiyo, ila inategemea ni sumu gani.

Esansi na mazuti njo rahisi. Tanki ya stasio ikitoboka, benzeni, ile sumu yenye iko mu esansi, inashuka pole pole mpaka inafika ku maji, na kule chini muko tayari bakteri benye kuikula, shida yao ni kukosa oksijeni. Ukibapulizia hewa na mabomba, uongeze na azoti na fosforasi kidogo, banaikula inabakia maji na gazi ya kaboni. Kule Ambler, Pennsylvania, Marekani, walifanya vile mu 1972, kisha esansi kuvuja.

Mukuba, zinki na kadmiamu ni mambo ingine, juu metali hakuna bakteri mwenye anaimaliza. Lakini kuko bakteri benye kupumua salfati (chumvi yenye muko salfa) pahali pa oksijeni, banatoa ile gazi ya kunuka mayai ya kuoza, basi ile gazi ikikutana na metali inashikamana nayo inakuwa unga wenye hauyeyuke, unashuka chini maji inabakia safi. Budel, Uholanzi, ku izini ya zinki, wanapompa maji ya chini wanaipitisha mu matanki ya bakteri tangu 1992, na ule unga wanaurudisha ku izini wanatosha zinki. Kwangu mimi huu njo mfano wenye kufaa hapa kwetu, kwa sababu ukiachia ule unga mu bulongo, siku hewa inaingia metali inayeyuka tena.

Tafazali, musimwange sukari ao chachu mu kisima mukisema munalisha bakteri! Inamaliza oksijeni, na arseniki, sumu kali, yenye ilishikwa mu bulongo inaweza kuachiliwa mu maji.

Na kuchemsha kunaua mikrobe ya kolera, metali inabakia palepale, hata inazidi kidogo juu maji inapunguka. Mupeleke maji ku labo, muombe wapime metali pia, haiko mikrobe tu. Kama inanuka esansi, usiikunywe na usiichemshe mu nyumba, juu ile mvuke nayo utaivuta.